Pamba kwenye Kijiti

Tetemeko la mwaka 1650 liliubomoa sana mji wa Cusco, Peru. Makanisa yalipojengwa upya, wachoraji wa Kiandea, Diego Quispe Tito akiwa mmoja wao, walizijaza kuta Bikira Maria, watakatifu, na malaika wakuu waliovaa lesi na kushika bunduki. Tangu hapo turubai hizo zimekula moshi wa mishumaa, zikapakwa vanishi juu ya vanishi, hata malaika akazama gizani.

Mhifadhi hamwendei malaika huyo na brashi. Kwanza anamulika taa kutoka ubavuni, na kila gamba la rangi lililobanduka linajitokeza kwa kivuli chake. Pale panapotaka kudondoka anabandika karatasi laini ya Kijapani kwa gundi nyepesi. Ndipo anaipindua picha kifudifudi na kukwangua mgongo wake kwa kisu cha upasuaji, polepole, kipande kwa kipande. Turubai ikiwa imechanika, anainamia lenzi na kuunganisha nyuzi moja moja, mtande kwa mtande, mshindio kwa mshindio, kwa tone la gundi ya samaki.

Kisha kusafisha, kazi ambayo naistahi kuliko zote. Pamba kidogo inazungushwa kwenye kijiti, inachovywa kwenye kiyeyushi kilichojaribiwa kwanza pembeni, halafu inaviringishwa juu ya picha bila kusugua. Wakati mwingine mate yanatosha, kwa vimeng'enya vyake. Kila mara fundi anaitazama pamba: ikiwa ya kahawia, ni vanishi na masizi, ikionyesha wekundu, yaani rangi ya mchoraji yenyewe, mkono unasimama papo hapo. Penye dhahabu ni pagumu zaidi. Wachoraji wa Cusco waliitandaza juu ya rangi iliyokwisha kukauka, ua kwa ua, kwa hiyo inaweza kung'oka ya kwanza. Pamba inalizunguka kila ua, ukingo kwa ukingo, na kazi ya asubuhi nzima huenda isizidi upana wa kiganja.

Mashimo yanazibwa kwa chaki na gundi, yanalainishwa yawe sawa na rangi iliyopo, kisha yanajazwa mistari myembamba ya wima, mbinu iliyokuzwa Roma na Cesare Brandi na wenzake. Kwa mbali vazi la malaika linaonekana zima. Ukisogea unaona wazi palipoongezwa. Hakuna mstari unaovuka kuingia kwenye rangi ya mchoraji. Mwishoni fundi anaandika kila gundi, kila kiyeyushi na kila rangi aliyotumia, ili atakayekuja baadaye ajue namna ya kuviondoa.