Sifa ya Munkoyo wa Lupangoni

Kisa cha ufalme wa Walunda kinaanzia kwenye chungu. Mzee Nkond alikuwa ameketi akisuka mkeka, na kando yake palikuwa na chungu cha maji alimolowanisha nyuzi zake. Maji yalikuwa yamegeuka meupe. Wanawe Kinguri na Chinyama wakarudi wamelewa, wakayaona, wakadhani baba yao anawanyima pombe ya mchikichi, wakampiga. Mzee akawanyang'anya urithi, na lukano, bangili ya utawala, ikaenda kwa binti yake Ruwej. Ruwej aliolewa na mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga, na ukoo wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, unaokaa Musumba hadi leo, unajihesabu kutoka kwao. Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyefika Musumba mwaka 1887, ni miongoni mwa waliokiandika kisa hicho.

Wanahistoria hukisoma kwa ajili ya habari za urithi. Mimi hubaki kwenye chungu. Vijana wawili walipoteza ufalme kwa kushindwa kujua kilichomo ndani ya chungu, na ujuzi huo huo walioukosa ndio ninaouona kwa mama zetu wa mkoa wa Lualaba kila mwaka jua la Septemba na Oktoba linapowaka, kabla mvua haijashuka, barabara za migodi ya Kolwezi zikiwa vumbi tupu. Saa tisa alasiri watu wanatoa viti nje, wanakaa lupangoni, yaani uani, chini ya mwembe, na kiu iliyopo si ya maji peke yake. Wapo watakaotuma mtoto akalete bia ya Simba ya baridi dukani. Sina ugomvi nao. Lakini kinywaji chenye ufundi wa mkono, kinachopoza mwili bila kuulegeza, ni munkoyo, na leo nataka kumsifu anayeutengeneza.

Vitu vyake ni vichache: maji, unga wa mahindi, na mzizi. Mzizi wa munkoyo huchimbwa porini, huondolewa gamba, hupondwa mpaka nyuzi zake ziachane. Mama anapika uji mzito juu ya mbabula, jiko la makaa, anaukoroga muda mrefu mpaka harufu ya unga mbichi iishe kabisa. Halafu anautua chini na kusubiri, na hapo katika kusubiri ndipo kazi yote ilipo. Mzizi ukitiwa uji ungali unatokota, nguvu zake zinakufa na uji unabaki uji. Ukitiwa uji umeshapoa na kuganda, kazi inasuasua, na kabla utamu haujatoka uchachu umeshaingia. Mama hatumii kipimajoto. Anaweka kiganja kwenye ubavu wa sufuria; ikimchoma anaendelea na maongezi yake, ikianza kumvumilia ananyamaza, anatia mzizi, anakoroga.

Kinachofuata kinanishangaza kila ninapokiona. Uji ambao mwiko ulisimama ndani yake unaanza kulegea. Muda si mrefu unamiminika, na ukionja ni mtamu, ingawa hakuna aliyetia sukari. Mizizi inayotumika, ya mimea ya Eminia na Rhynchosia, jamaa za kunde, ina vimeng'enya vinavyoukata wanga wa mahindi kuwa sukari. Watengenezaji bia wa Ulaya hupata kazi hiyo kwa kuotesha shayiri iwe kimea. Huku kwetu, na kwa jirani zetu wa Zambia, watu waligundua kwamba mzizi wa porini unaifanya bila kuotesha punje hata moja. Ugunduzi wa namna hiyo unahitaji vizazi vya watu wanaoonja kwa makini, wanaokumbuka, na wanaofundisha. Watafiti, wakiwemo wa Zambia, wamevipima vimeng'enya hivyo maabara, na kazi yao ni njema. Lakini kiganja kilitangulia.

Baada ya kuchujwa, munkoyo haukai mahali pamoja. Siku ya kwanza ni mtamu na mzito kidogo, kinywaji cha watoto na cha mgonjwa. Ukilala usiku kucha, bakteria wanaogandisha maziwa huingia kazini na kuleta uchachu mwembamba unaosafisha koo. Hapo ndipo ninapoupenda zaidi. Ukiendelea kukaa, uchachu unazidi, kilevi kidogo kinatokea, na mwenye heshima na wageni wake anawaambia mapema. Uchachu huo husaidia kuzuia vijidudu vingi, lakini hauponyi maji machafu: anayeuongeza maji ili uwatoshe watu wengi, na atumie yaliyochemshwa.

Kuna wanaoshikilia kwamba munkoyo hauchanganywi na kitu. Nawaheshimu, ila siafikiani nao. Munkoyo wa siku ya kwanza unaomba tangawizi: iponde, iloweke kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, ichuje vizuri, uitie kidogo kidogo huku unaonja, maana tangawizi ikizidi mahindi hayasikiki tena. Matone ya ndimu yafuate mwishoni, utamu ulipotulia. Munkoyo wa siku ya pili una uchachu wake wa kutosha. Ndimu hapo ni kosa. Huo upe nanasi lililoiva sana, limesagwa na kuchujwa, ili utamu wa tunda ukutane na uchachu wa nafaka. Na barafu isiingie kamwe kwenye bilauri. Munkoyo una unene wake, na barafu ikiyeyuka inauvunja, unabaki maji yenye kumbukumbu ya mahindi. Weka bidoni nzima ndani ya beseni la maji baridi, funika kwa kitambaa kilicholowa, ngoja.

Mwaka 1862 Jerry Thomas, fundi wa baa wa Marekani, alichapisha mjini New York kitabu cha kuchanganya vinywaji, na mpaka leo mafundi wa baa wa dunia nzima wanamtaja kama baba wa kazi yao. Alistahili. Fundi wa baa wa namna yake huchukua vinywaji vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, akavipatanisha. Mama wa munkoyo anaanza nyuma zaidi: anatengeneza utamu wenyewe, anautengeneza uchachu, ndipo achanganye. Kwa kipimo hicho ufundi wake ni mpana zaidi, nami nalisema hilo bila kusita.

Ufundi huo ulipita pagumu. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikataka waume wakae kambini na wake zao. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 katika mpango huo wa kambi na posho. Mahindi ya posho yalikuwa ya kampuni, lakini mwanamke aliyejua mzizi aliyageuza kuwa kitu chake: cha kumkaribishia jirani asiyesema lugha ya nyumbani kwao, cha kuuza kikombe kwa kikombe apate fedha isiyopitia kwa karani. Kiswahili chetu cha Katanga kilikomaa katika maisha ya namna hiyo, watu wa makabila mengi wakizungumza wakiwa na kitu cha kunywa mkononi.

Leo tishio liko kwenye mzizi. Mzizi wa munkoyo huchimbwa kutoka misitu ya miombo, na anayeung'oa mzizi mzima ameua mmea. Miombo yenyewe inazidi kuliwa na machimbo ya wazi na uchomaji wa makaa. Kule Zambia viwanda vimeshatia maheu, nduguye munkoyo, katika chupa za plastiki. Siku mzizi utakapokuwa adimu sokoni Kolwezi, chupa zitachukua nafasi bila upinzani, na kiganja kinachojua joto la sufuria hakitakuwa na cha kufundisha. Mimea ya munkoyo ni jamaa za kunde, na kunde nyingi hurutubisha udongo. Wanaopanda miti ya makaa pembezoni mwa mji wangeweza kujaribu kuiotesha kati ya mistari, na shule za kilimo za mkoa zikawasaidia kutafuta namna ya kupata mbegu. Wachimbaji nao wangeweza kukata mizizi ya pembeni na kuufukia upya mzizi mkuu. Kwa sasa, ukienda sokoni, muulize mama anayeuza alichimba wapi na aliacha nini ardhini, na anayejibu vizuri mpe bei yake yote bila kupunguza.