Kuhesabu Mguu wa Kulia

Saa kumi na mbili alfajiri Barabara ya Lema hapa Moshi huwa kimya, na mkimbiaji husikia miguu yake mwenyewe. Kwa miaka mingi yangu ilipiga lami kwa kishindo, kisigino kikitangulia mbali mbele ya goti, nami kishindo kile nikakiita nguvu. Kumbe kilikuwa breki. Kila hatua nilijisukuma mbele, kisha nikajizuia, karibu mara elfu moja katika kila kilomita.

Dawa yake niliichelewa, kwa sababu nilianza na pupa. Nilikuwa nimevutwa na habari za Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Nikasoma pia utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ambao baadhi ya washiriki wake walikuwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa, Kenya, waliozoea kukimbia peku: wengi walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na ule mshtuko mkali wa kisigino haukuonekana. Basi nikaamua kubadilika siku hiyohiyo. Nilikimbia kilomita nane nikitua kwa mbele ya wayo, na siku tatu zilizofuata sikuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Vigimbi vilikuwa vinawaka. Vilipopoa nikadhani vimeshajifunza, nikapandisha kutoka kilomita 20 kwa wiki hadi 40 ndani ya wiki tatu, maana pumzi ilikuwa inatosha na kubaki. Wiki ya tano nikaona sehemu ndogo kwenye ugoko wa kushoto, upana wa sarafu, ambayo nikiibonyeza natoa machozi. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Wiki nane sikukimbia.

Nilikuwa na wiki nane za kufikiri, na nilichokielewa ndicho kinachonifanya niiheshimu kazi hii kama ninavyoiheshimu kazi ya seremala. Mzigo wa mbio hauondoki mwilini kwa kubadili namna ya kukanyaga, unahama. Ukitua kwa kisigino, goti hubeba zaidi. Ukitua kwa mbele, wanaobeba ni kigimbi na kano ya kisigino. Tena viungo hivi havikui kwa kasi moja. Moyo na mapafu huitika ndani ya wiki chache, ndiyo maana mtu hujisikia yuko tayari. Kano huja nyuma sana. Mfupa nao una utaratibu wa ajabu: ukipewa kazi mpya, kwanza hubomoa. Seli zake hula sehemu kuukuu kwa wiki mbili au tatu, kisha ujenzi mpya huchukua miezi mitatu hivi. Maana yake mfupa unaoimarishwa hupitia kwanza kipindi cha udhaifu, na ni katika kipindi hichohicho ambapo pumzi inakuhimiza uongeze. Mkimbiaji hodari ni yule anayeweza kumkatalia mwenzi mwenye haraka kwa niaba ya mwenzi aliye kimya.

Nilipoanza upya niliacha kushughulika na kisigino. Kaskazini mwa Kenya, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, Wadaasanach wamekua bila viatu. Walipopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wengi wao walitua kwa kisigino katika mwendo wao wa kawaida, na kadiri walivyoongeza kasi ndivyo kutua kwa kisigino kulivyopungua. Hakuna namna moja takatifu ya kukanyaga. Kilichobaki kwangu kilikuwa hesabu nyepesi: kwa dakika moja unahesabu mguu wa kulia peke yake, kisha unazidisha kwa mbili. Nilipata 79, yaani hatua 158. Nikajipa kazi ya kufikisha 83, bila kuongeza mwendo hata kidogo.

Nne tu. Lakini hatua ikifupika, mguu huacha kurushwa mbele na kurudi kutua karibu chini ya mwili, goti likiwa limeshapinda kupokea uzito. Watafiti wa Wisconsin walionyesha mwaka 2011 kwamba ongezeko la asilimia 5 linatosha kulipunguzia goti kazi ya kumeza mshtuko, na kwa asilimia 10 nyonga nayo hupata nafuu. Wapo wanaoshikilia namba 180, ambayo kocha Jack Daniels aliipata kwa kuhesabu hatua kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Mimi siifuati. Wale walikuwa kwenye mashindano, nami niko kwenye kilomita ya pili ya asubuhi.

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua hatua hii hata kama ameisahau. Ni ile ya mchakamchaka. Uko mstarini, mgongo wa mwenzako mbele yako, huna nafasi ya kurusha mguu. Wimbo unashika mapigo, miguu mitupu inagusa changarawe na kuondoka kabla haijaumia.

Wiki ya kwanza ya kuanza upya nilikimbia dakika moja kwa hatua mpya, nikatembea nne, mara tano, basi. Kila wiki ya nne nilirudi nyuma kidogo kabla ya kupanda tena. Ile kanuni ya kutozidisha asilimia 10 kwa wiki niliichukua kama ua wa shamba tu, kwa kuwa ilipojaribiwa kwa wakimbiaji wapya nchini Uholanzi, matokeo yaliyotoka mwaka 2008 hayakuonyesha kwamba walioifuata waliumia pungufu. Kipimo changu kilikuwa ugoko wenyewe, nikiubonyeza kila jioni, na sauti ya raba kila asubuhi. Nikichoka kishindo kinarudi. Kikirudi, natembea kwenda nyumbani, hata kama ratiba inanidai kilomita tatu. Ilinichukua miezi saba kuzifikia tena zile 40.

Kwenye barabara hii yupo mlinzi mmoja wa geti, mtu mzima, ambaye nimemwamkia miaka yote hiyo. Zamani alikuwa amesimama tayari nikifika. Wiki iliyopita nilimkuta ameinama juu ya redio yake, na salamu yangu ikamshtua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi unapitaje? Nilikuwa nakusikia tangu kule kwenye kona."