Kiraka Mbele ya Majaji

Neno kiraka lina bahati mbaya na bahati nzuri katika lugha yetu. Suruali yenye kiraka ni alama ya ufukara. Barabara iliyozibwa viraka hulaumiwa na kila dereva, na sheria iliyorekebishwa mara nyingi huambiwa kuwa imejaa viraka. Lakini nenda kwenye uwanja wa mpira. Mtangazaji akimwita kijana "mchezaji kiraka", anamsifu: huyo leo ni beki, kesho ni kiungo, na timu ikipungukiwa popote yeye huziba. Nami naona, ndugu msomaji, kwamba mablanketi ya viraka yanayopelekwa maonyeshoni yamekwama katikati ya maana hizi mbili. Watazamaji hawajui wayaonee huruma au wayasifu, na wakati mwingine majaji nao hawajui.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na kazi za mikono za somo la sayansikimu zilipitia mezani kwangu. Basi niruhusiwe kuzisahihisha kazi hizi kama mwalimu anavyosahihisha, kwa kueleza kila alama imetoka wapi.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Wamarekani na Waingereza wana blanketi liitwalo kwilti. Juu yake pana vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, chini pana kitambaa kizima, na katikati huwekwa ujazo wa pamba au sufu. Kisha tabaka zote tatu hushikizwa pamoja kwa mishono. Kwa desturi vipande vya juu hukatwa kwa vipimo na kupangwa kama vigae. Ipo aina moja inayovunja utaratibu huo, nayo huitwa kwilti ya kichaa. Vipande vyake havina umbo moja wala ukubwa mmoja. Hubandikwa juu ya kitambaa cha msingi kila kimoja kikielekea kwake, na pale vinapokutana hupambwa kwa darizi za rangi.

Kichaa hiki kina undugu na maonyesho. Mwaka 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100 ya uhuru wake, yalifanyika maonyesho makubwa katika mji wa Philadelphia. Banda la Japani lilivuta umati wa watu kwa vyombo na michoro ambayo haikujali kulinganisha upande wa kulia na wa kushoto. Wanahistoria wengi wa ushonaji huyataja maonyesho hayo kuwa chimbuko mojawapo la kwilti za kichaa, ambazo zilienea sana katika miaka ya 1880.

Kwa jicho la kwanza, kazi hizo zinastahili alama nyingi. Hariri na mahameli hukaa jirani bila ugomvi, na darizi zake zinaonyesha mikono yenye subira. Lakini mwalimu hasahihishi jalada la daftari. Kwilti nyingi za kichaa hazikuwekwa ujazo wowote ndani, kwa sababu hazikukusudiwa kumfunika mtu mwenye baridi. Zilitandazwa sebuleni ili mgeni aone. Na vile "vibaki" vyake mara nyingi havikuwa vibaki. Viwanda vya hariri vilifungasha vipande na kuviuza kwa akina mama waliotaka kushona, na magazeti yakawauzia michoro ya kufuata. Uhaba ukawa vazi la matajiri.

Hariri hiyo ilikuwa na siri nyingine. Hariri ikichemshwa ili kuondoa utomvu wake hupungua uzito, na kwa kuwa iliuzwa kwa uzito, wenye viwanda waliurudisha kwa kuiloweka katika chumvi za madini kama bati. Kitambaa kilishuka vizuri na kumetameta, lakini madini yale yakawa yanakila kutoka ndani. Leo katika makumbusho, kwilti nyingi za kichaa zina vipande vya hariri vilivyochanika vyenyewe bila kuguswa na mtu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga.

Sasa linganisha na kazi ya ndugu zetu wa mbali. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa wa uzao wa watu waliochukuliwa kutoka pwani hii yetu ya mashariki. Baadhi ya wazee wao walitoroka utumwa wa Wareno wa Goa wakajificha katika misitu ya bara. Wanawake wao hushona blanketi liitwalo kawandi. Hutandaza sari kuukuu chini, kisha huanza pembeni kupachika vipande vya nguo zilizochakaa, wakizunguka na kusogea ndani polepole hadi wakutane na katikati. Mshono wao ni wa kupenyeza sindano juu na chini, mistari ikifuatana karibu karibu, na ndio unaolipa blanketi nguvu yake.

Ukiitazama kawandi kwa haraka utasema nayo ni ya kichaa, maana hakuna rula wala mchoro. Lakini tazama pembe zake nne. Kila pembe hutiwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, kimoja juu ya kingine, navyo huitwa phula, yaani maua. Bila maua hayo, wenyewe huliona blanketi kama liko uchi. Kumbe sheria ipo! Fundi ana uhuru wote wa katikati, na pembeni anadaiwa heshima. Kwangu mimi hapo ndipo kawandi inapoishinda kwilti ya sebuleni: uhuru wake umetokana na kile kilichokuwepo nyumbani, na utaratibu wake umetokana na adabu ya kazi. Nguo ya mtoto aliyekua na sari ya bibi zimo humo, na blanketi linafunika mtu.

Kawandi nazo zilifika maonyeshoni. Mwaka 2011 zilitundikwa katika kituo cha Schomburg mjini New York, taasisi inayohifadhi historia ya watu wenye asili ya Afrika. Lilikuwa jambo la heshima. Hata hivyo, kutundika blanketi ukutani ni kulinyang'anya nusu ya ushahidi wake. Uzito wake haupimiki kwa macho, na mgongo wake, ambako sindano husema kweli, umegeukia ukuta.

Je, basi maonyesho ni adui? La. Bila maonyesho tusingemjua Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alishona kwilti ya pamba yenye picha 11 za visa vya Biblia. Haikuwa ya kichaa, maana kila umbo lilikuwa na kisa chake. Mwaka 1886 aliipeleka katika maonyesho ya pamba katika mji wa Athens, Georgia. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akaiona na kutaka kuinunua, lakini Powers akakataa. Mwaka 1891 hali ikawa ngumu, naye akaiuza kwa dola 5, nusu ya bei aliyoitaja. Leo imo katika makumbusho ya taifa mjini Washington.

Bei hiyo inasikitisha. Lakini Jennie Smith alifanya jambo moja ambalo watazamaji wengi hawalifanyi: alimwuliza mshonaji maana ya kila picha, akayaandika maelezo yake. Kwa sababu hiyo tunasoma kwilti ile leo. Kitambaa kiliokolewa kwa fedha, na maana yake iliokolewa kwa kalamu.

Narudi nyumbani. Sisi wa Nyarugusu, hii ya Geita wala si ile ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu, tunajua thamani ya masalia. Mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu tunauita marudio, na mwenye akili haumwagi, maana dhahabu nyingine imebaki ndani. Vipande vya vitenge chini ya cherehani ya fundi ni marudio vilevile. Wapo akina mama wa hapa wanaoviokota na kushona matandiko ya watoto, na sasa wanatamani kuyapeleka maonyeshoni. Nafasi si haba: kuna Sabasaba Dar es Salaam, kuna Nane Nane, na Geita mjini kuna maonyesho ya teknolojia ya madini yaliyoanza mwaka 2018, ambako watu hununua zaidi ya mashine.

Mshauri mmoja amewaambia wanunue vitenge vipya, wavikatekate, ili kazi ing'ae mbele ya majaji. Napinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote. Ni mfuko ule ule wa hariri wa miaka ya 1880. Mama atakopa fedha ya kununua kitambaa kizima, atakiharibu ili kifanane na masalia, kisha atauza kwa hasara huku akisifiwa kwa ubunifu. Kinachomtofautisha na kiwanda ni kwamba mtaji wake umeokotwa sakafuni na hakuna atakayemdai.

Kwa majaji nina maombi matatu. Wawekeeni meza badala ya ukuta, ili blanketi ligeuzwe na mgongo wake ukaguliwe. Livuteni kwa mikono miwili, kwa kuwa mshono usiostahimili majaji hautastahimili watoto watatu kitanda kimoja. Na kabla ya kutoa alama, mwulizeni mama jina lake na kila kipande kilikotoka, mkaandike anavyojibu, kwa maneno yake, kwenye karatasi itakayokaa na kazi hiyo hata ikiuzwa. Mnunuzi atakayeondoka na blanketi bila karatasi hiyo amenunua vitambaa tu, na bei aliyolipa itakuwa ya vitambaa.