Chimba Kabla ya Kulipa: Kuutambua Udongo Tifutifu Unaotuamisha Maji

Ifikapo Septemba, mashamba yote kati ya Vwawa na Tunduma, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, yanafanana. Nyasi zimekauka, mabua yameliwa na ng'ombe, na kila unapokanyaga ardhi ni kavu. Huu ndio wakati watu wanapozunguka kutafuta ekari za kukodi au kununua, wakitaka mambo yawe yamekamilika kabla mvua za Novemba hazijaanza. Ndio pia wakati ambao ni rahisi kuuziwa shamba linalotuamisha maji ukiamini umepata tifutifu safi. Mnunuzi huchota konzi ya udongo wa juu, huusaga kiganjani, huona ni mweusi na laini, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei.

Weusi huo hauthibitishi lolote kuhusu maji. Tena mara nyingi udongo unaochelewa kukauka ndio mweusi zaidi, kwa sababu panapokaa maji hewa hupungua, mabaki ya mimea huoza polepole na mboji hujilimbikiza. Anayejua kukagua huuangalia udongo wa juu kwa dakika moja, kisha huomba beleshi. Anachokitafuta ni kina ambacho madoa ya kutu na ya kijivu yanaanzia. Kina hicho kitakueleza hali ya shamba mwezi Februari hata kama umesimama juu yake katikati ya kiangazi.

Kabla ya kuchimba, tazama umesimama wapi. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, alieleza mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kama mnyororo kutoka kilimani hadi bondeni: mwekundu juu, wa kahawia au njano kwenye mteremko, wa kijivu au mweusi chini. Wazo hilo lilizaliwa huku kwetu na bado linafundishwa duniani kote. Uwanda wa Mbozi, ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni mahali pazuri pa kulishuhudia. Juu kwenye miinuko kuna udongo mwekundu ambako kahawa imestawi. Chini kabisa kuna mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika. Udongo ninaouzungumzia hukaa katikati, pale mteremko unapolala kabla ya kufika mbugani, au kwenye tambarare ambako maji ya mvua hayana pa kwenda. Usiuchanganye na udongo wa bonde la Kamsamba, upande wa Ziwa Rukwa, ambako mpunga hulimwa na maji kusimama shambani ndiyo shabaha ya mkulima. Tifutifu yetu ina unyevu uliozidi kwa mahindi, lakini hautoshi kwa mpunga.

Mimea nayo inasema. Nyasi zenye shina la pembe tatu, jamii ya ndago na mafunjo, zikiwa zimetawala sehemu fulani ya shamba, hapo maji hukaa. Vichuguu vikubwa vikijaa upande mmoja na kukosekana kabisa upande wa pili, weka alama kwenye mpaka huo, kwa kuwa mchwa hawapendi kujenga mahali panapofurika. Hata hivyo, dalili hizi zinakuonyesha mahali pa kuchimba tu. Hukumu hutoka shimoni.

Chimba angalau mashimo mawili, moja pale palipoinuka na jingine pale palipobonyea, kila moja kina cha mita moja na upana wa kutosha mtu kuchuchumaa ndani. Ukuta utakaousoma uwe ule unaopigwa na jua. Ukwangue kwa kisu kutoka juu kwenda chini ili alama za beleshi zitoke, kisha urashie maji kidogo, kwa sababu udongo mkavu huficha rangi. Usiharakishe hapa.

Rangi ya udongo wa kwetu kwa sehemu kubwa ni rangi ya chuma. Udongo ukiwa na hewa, chuma hubaki kimefungamana na oksijeni na kutoa wekundu, ukahawia au unjano. Maji yakijaza matundu yote kwa siku nyingi mfululizo, bakteria humaliza oksijeni iliyobaki, kisha huanza kutumia naitreti, manganizi, na hatimaye chuma chenyewe. Chuma kilichobadilishwa hivyo huyeyuka na kuhama pamoja na maji, na pale kilipotoka panabaki kijivu. Maji yakishuka na hewa kurudi, chuma huganda upya kama kutu kwenye nyufa na kwenye njia za mizizi. Hayo mabaka, ya kijivu na ya kutu yakiwa bega kwa bega, ndiyo kumbukumbu ya masika yaliyopita.

Sasa pima kina. Ukuta ukiwa mwekundu au kahawia bila baka lolote hadi mita moja, shamba linapitisha maji vizuri. Mabaka yakianza kwenye kina kinachozidi sentimita 75, mahindi hayatapata shida isipokuwa mwaka wa mvua kali sana. Yakianza kati ya sentimita 25 na 50, huo ndio udongo wetu: unafaa kulimwa, ila maji yatapanda hadi kwenye mizizi katikati ya msimu. Na kijivu kikianza moja kwa moja chini ya tabaka la jembe na kutawala ukuta wote, usizungumzie mahindi tena.

Si kila wekundu ulio shimoni ni kutu ya maji. Chembe nyekundu ngumu karibu na juu huweza kuwa udongo uliochomwa na moto wa kisiki. Rangi nyingi zilizojipanga kwa mistari huko chini huweza kuwa mwamba unaooza. Na kuna jambo ambalo wengi hulipita: hata mabaka ya kweli yana umri. Baka ambalo kingo zake zinafifia taratibu, na hasa kutu iliyozunguka tundu la mzizi, ni la maji yanayokuja hadi leo. Baka au kinundu chenye kingo zilizokatika wazi huenda ni cha zama nyingine, kabla bonde halijachimbika na maji kushuka. Nimeona watu wakikataa shamba zuri kwa sababu ya vinundu vya kale, na hilo ni kosa lenye hasara sawa na kununua baya.

Baada ya rangi, shika udongo wenyewe. Ulowanishe, ufinyange donge, kisha ulisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke utepe. Tifutifu halisi hutoa utepe unaokatika kabla haujafika sentimita 2.5, na vidole husikia mchanga kidogo pamoja na ulaini. Rudia kila sentimita 20 kwenda chini. Mara nyingi utakuta juu ni tifutifu nzuri, halafu kwenye kina cha sentimita 40 utepe unafika sentimita 5 na kung'aa. Hapo umegusa mfinyanzi, na huenda ndio unaozuia maji.

Nasema huenda, kwa sababu kiini cha ukaguzi huu ni kujua maji yanazuiwa na nini. Sababu ni tatu, na thamani ya shamba hutegemea ni ipi kati ya hizo.

Ya kwanza ni maji yanayopanda kutoka chini wakati bonde limejaa. Hapa mabaka huongezeka kadiri unavyoshuka na chini kabisa pana kijivu kitupu. Dawa yake ni mfereji, na mfereji unahitaji mahali pa kumwagia. Majirani walio chini wasipokubali, huna dawa. Ya pili ni tabaka la mfinyanzi la asili. Hilo halitoki. Utaishi nalo kwa matuta. Ya tatu ni gamba lililotengenezwa na plau ya ng'ombe au trekta iliyopita kina kilekile mwaka hadi mwaka, tena udongo ukiwa mbichi. Utalitambua hivi: kisu kinagoma kwenye sentimita 15 hadi 25, mizizi ya mahindi ya zamani imepinda na kutambaa kando, mabaka yamejaa juu ya gamba tu, na chini yake udongo una rangi moja safi. Shamba la namna hii nalipenda kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu huuzwa kwa bei ya shamba bovu na hupona kwa kupasuliwa gamba wakati wa kiangazi.

Maji yenyewe pia yanapimika. Chimba tundu la sentimita 30, lijaze jioni liloe, asubuhi lijaze tena na upime kwa rula. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, yanapita polepole mno kwa mazao mengi. Usikifanye kipimo hiki juu ya ufa wa kiangazi, kitakudanganya.

Halafu uliza majirani, na uulize vizuri. "Maji hukaa hapa?" ni swali linalojibiwa kwa adabu tu. Uliza walipanda lini msimu wa mvua za El Niño za 2023/2024, kama walipalilia kwa wakati, na walivuna magunia mangapi. Mzee aliyelima hapo miaka mingi atakuonyesha kwa kidole mstari ambao mahindi huanza kupata unjano.

Unjano huo una maana. Ardhi iliyojaa maji hupoteza naitrojeni, nyingine ikigeuka gesi na kuruka hewani, na mche mchanga ambao ncha yake ya kukua bado iko chini ya ardhi huweza kufa kabisa. Kwa hiyo kwenye udongo huu usimwage urea yote kwa mkupuo mmoja. Igawe, na usubiri maji yashuke ndipo uweke. Usipeleke ng'ombe kulima wakati udongo bado unaviringika na kuwa kamba nyembamba kiganjani, maana utatengeneza gamba kwa mkono wako. Panda juu ya matuta yaliyofuata kontua kwa mwinamo mdogo kuelekea mferejini. Jirani zetu wa Ufipa wamezoea kuinua udongo kwa vilima vya mviringo vilivyofukiwa majani, na kwenye ardhi nzito yenye unyevu utaratibu huo una akili nyingi.

Ukitendewa haki, udongo huu una fadhila yake. Januari mvua ikikatika kwa majuma kadhaa, mahindi ya kilimani hujikunja, ya hapa hubaki kijani. Maharage yanayopandwa Machi, mvua zikielekea kuisha, hukomaa kwa unyevu uliobaki. Kwa mkulima wa mahindi na maharage mwenye nguvu ya kupiga matuta, ni shamba zuri la daraja la pili, na alipe bei ya daraja la pili.

Kwa miti, hapana. Kahawa inataka udongo wenye kina na hewa. Parachichi ni dhaifu zaidi: vimelea vya kuozesha mizizi hustawi panapotuama maji, na mche huweza kupendeza miaka miwili kisha ukakauka kuanzia vilele. Siku hizi miche ya parachichi inapandwa kwa kasi katika Nyanda za Juu Kusini, na mingine inawekwa kwenye ardhi hii kwa sababu tu ni nyeusi. Mabaka yakianza kabla ya kufika kina cha mita moja, usipande hata mche mmoja.

Kama fedha ni nyingi, chukua sampuli za udongo wa juu na wa chini katika mifuko tofauti, uzipeleke TARI Uyole, Mbeya, wakupimie uchachu na virutubisho. Vipimo vya maabara, hata hivyo, havitakuambia maji yanapanda hadi wapi. Hilo liko ukutani mwa shimo, na shimo ni kazi ya nusu siku kwa watu wawili. Mwenye shamba akikuzuia kuchimba, mshukuru, uende ukatafute lingine.