Nabaru Yuko Wapi? Kupima Riwaya Iliyogeuzwa Igizo

Bwalo la shule moja huku Othaya lilikuwa limejaa hadi madirishani. Kundi la waigizaji lilikuwa limetuletea Blossoms of the Savannah, riwaya ya Henry ole Kulet ambayo wakati huo ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE. Waliigiza kwa bidii. Tajiri Oloisudi alizomewa, na Resian, msichana anayekataa kukeketwa na kuozwa kwa nguvu, akashangiliwa. Lakini Resian alipotoroka kutoka kwa Olarinkoi aliyemteka, alitoroka peke yake. Msichana aliyeketi mbele yangu akamgeukia mwenzake: "Na Nabaru yuko wapi?"

Tangu siku hiyo ninapima maigizo kwa swali lake.

Ukitaka kujua kama riwaya imetoholewa vizuri, usianze kwa kuhesabu yaliyobadilika. Saa mbili haziwezi kubeba kitabu kizima. Familia ya Ole Kaelo, baba yake Resian, ikihama Nakuru kwenda Nasila kwa sentensi moja, sina neno. Tafuta nguzo, hata kama ni nyembamba. Nabaru hana kurasa nyingi. Ni mwanamke anayemuuguza Resian, kisha anapanga atoroshwe hadi kwa Minik, mwokozi wa wasichana wanayemwita Emakererei. Kupitia kwake tunaona kwamba katika jamii ileile inayomwinda msichana yumo mama aliye tayari kujihatarisha kwa ajili yake. Mwondoe, na Resian anabaki shujaa asiye na deni kwa mtu yeyote. Matukio yamebaki, lakini kitabu kimekuwa kingine. Mtahiniwa aliyekariri jukwaa badala ya kurasa naye huingia na kosa hilo katika chumba cha mtihani.

Kisha pima mahali. Meja Mwangi, ambaye Nanyuki ni kwao, alichapisha Carcase for Hounds, riwaya ya wapiganaji wa Mau Mau msituni, mwaka 1974, na mwaka 1981 Mnaijeria Ola Balogun akaitolea filamu, Cry Freedom. Sisi tunaoishi kati ya Nyandarua na Mlima Kenya tunajua msitu ule si pazia la nyuma. Mvua, tope na baridi ndivyo vinavyommaliza kiongozi wao, Jenerali Haraka, pamoja na jeraha lake. Kwa hiyo mtazame anayeigiza mpiganaji wa msituni: je, anatembea kama mtu ambaye nguo zake hazijakauka kwa wiki nzima? Asipotembea hivyo, bunduki zote za filamu hazitamsaidia.

Kipimo kigumu zaidi ni cha gharama: kilichoongezwa kimelipiwa na nani? Out of Africa ya Karen Blixen ilichapishwa mwaka 1937. Filamu ya 1985 ikazoa Oscar 7. Kitabuni, mapenzi ya Blixen na Denys Finch Hatton hayatangazwi, unayahisi tu. Watengenezaji wa filamu waliyatafuta kwingine, hasa katika wasifu wa Blixen ulioandikwa na Judith Thurman, wakayaweka katikati. Siwalaumu kwa hilo, maana kitabu chenyewe ni visa na kumbukumbu, hakina mkondo mmoja wa hadithi, na filamu ilihitaji uti wa mgongo. Lakini Kamante, kijana Mkikuyu aliyepewa sura yake mwenyewe kitabuni na ambaye akili yake inamshangaza Blixen kila mara, amebaki mpishi anayepita. Nafasi ya wapenzi wawili ilichukuliwa kutoka kwake. Ninaipenda filamu ile, hasa picha zake za angani, na bado deni hilo linaniuma kila nikiitazama.

Kuhusu mavazi, lafudhi na rangi ya gari, waachie wenye muda.

Igizo lilipoisha, nilimfuata mwelekezi akipakia vifaa, maana walikuwa wakingojewa shule nyingine alasiri ileile. Alinijibu kwa upole kwamba waigizaji wake ni wachache, na aliyefaa kuwa Nabaru tayari alikuwa Mama Milanoi, mama yake Resian. Nilimwambia, nami naamini hivyo hadi leo, kwamba shuka moja tofauti begani ingetosha.