Dirisha Lile Halikustahili Kuzibwa

Nimetazama video ya ndugu yetu mmoja akikarabati bafu la nyumba huko Bayview, Durban, na sitasimulia hatua zote. Ubomoaji ulikuwa safi, mteremko wa sakafu umeelekea kwenye drein inavyotakiwa, dawa ya kuzuia maji imepigwa mikono miwili na kitambaa kimewekwa kwenye kona, na ndugu yetu hakuhamisha choo wala mabomba, kazi ambayo humaliza bajeti za wengi. Hayo yote nampa. Ninachokipinga ni ile dakika aliposhika tofali akaanza kuziba dirisha.

Lilikuwa kidirisha cha fremu ya chuma, sentimita 60 kwa 40 kwa kukadiria kwa macho, juu ya beseni la kunawia. Alitoa sababu tatu: fremu imekula kutu, jirani anaona ndani, na kile kioo kikubwa cha kujitazama kinataka ukuta mzima. Hakuna hata moja inayodai tofali. Kutu inakwanguliwa kwa brashi ya waya, inapigwa rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta juu yake. Jirani anazuiwa na kioo kisichoonyesha. Kioo cha kujitazama kingekaa ukuta wa pembeni, kikiwa kidogo zaidi, na uso ungeonekana vilevile.

Tupige hesabu. Bafu lile ni kama mita 2 kwa 1.5, yaani mita 3 za mraba. Kanuni za ujenzi za Afrika Kusini, SANS 10400 sehemu O, zinataka uwazi wa kupitisha hewa usiopungua asilimia 5 ya sakafu au mita 0.2 za mraba, kinachozidi ndicho kinachofuatwa. Asilimia 5 ya sakafu ile ni 0.15 tu, kwa hiyo kipimo ni 0.2. Dirisha alilolizika lilikuwa na 0.24. Aliyelipima zamani alijua kwa nini analiweka pale, akaacha na ziada kidogo.

Najua mtaniambia kwamba kanuni inaruhusu feni badala ya dirisha. Inaruhusu. Basi tuitazame feni aliyoifunga. Alipoiwasha alibandika kipande cha karatasi ya chooni kwenye matundu yake ili kutuonyesha inavyonyonya. Karatasi ilining'inia kidogo, ikaanguka, na video ikaruka kwenda kwenye vigae. Jibu lilikuwa pale pale. Dirisha limezibwa, mlango mpya una mpira chini, hewa ya kuingia itoke wapi? Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia. Ilitosha kupunguza mlango sentimita moja chini.

Halafu bomba la feni. Alilipandisha darini akaliacha humo humo, mdomo ukielekea kwenye kenchi. Mvuke wa kila asubuhi unahama kutoka bafuni kwenda kukaa juu ya mbao, mahali ambapo hakuna atakayeuona mpaka dari ianze kuchora madoa ya kahawia. Na huko ni Durban, hewa ya Bahari ya Hindi, ambako mwezi wa pili taulo lililoanikwa ndani linalala na unyevu mpaka asubuhi. Mvuke wa moto ukigusa kigae kilichopoa unageuka maji, na maji yasiyokauka yanaleta kuvu kwenye grauti. Aprili 2022 mafuriko yaliwaacha wengi mjini humo bila umeme. Siku kama hizo feni ni pambo tu, ila dirisha la kusukuma kwa mkono linafunguka.

Kinachoniuma zaidi ni historia ya mtaa wenyewe. Bayview, Chatsworth, ndiko ilikohamishiwa jamii ya Wazanzibari wa Durban waliokuwa wakiishi Kings Rest miaka ya 1960, chini ya sheria ya ubaguzi ya kugawa maeneo. Hata nyumba finyu kama hii, katika mtaa uliopangwa na utawala usiowapenda watu wake, iliachiwa dirisha bafuni. Tumeliziba wenyewe, kwa hiari.

Huko Zanzibar, waliojenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850, kwa amri ya Sultani Seyyid Said, walitoboa kuba ili mwanga uingie. Mafundi wa mawe wa Lamu walipaka chokaa, ukuta unaovuta unyevu na kuurudisha hewani. Hawakuwa na bomba la plastiki wala swichi, lakini walianza na mwanga na hewa, urembo wakauleta baadaye. Siku hizi tunaanza na urembo. Ndugu yetu aliweka bomba jeusi la maji kwenye beseni; rangi yake inachunika, na pesa aliyoimwaga hapo ingenunua kioo kisichoonyesha, brashi na kopo la rangi.

Bado inarekebishika. Vigae vya ukuta ule vitobolewe kabla grauti haijakomaa, tofali zitolewe, fremu isafishwe na kurudishwa. Feni ibaki kama msaada, ila bomba lake litoke nje ya nyumba, lisipinde hovyo, na waya zake zikaguliwe na fundi umeme aliyesajiliwa ili cheti cha umeme cha nyumba kisije kukwama siku ya kuuza. Mvua za Durban huanza kushika mwezi wa kumi. Kazi hiyo ifanyike kabla yake.