Nani Aliyefungua? Kauli za Vitenzi katika Taarifa za Viongozi kwa Wapiga Kura Wao Wakati wa Korona

Wahakiki wetu wamezoea kuyaelekeza macho yao kwenye riwaya, tamthilia na ushairi, na kwa kufanya hivyo wameiacha nje ya ua sehemu kubwa ya Kiswahili kinachosomwa na kusikilizwa na Wakenya kila siku. Miongoni mwa maandishi yaliyoachwa hivyo ni taarifa ambayo kiongozi aliyechaguliwa huwapelekea wapiga kura wake: mbunge au mwakilishi wadi anapowaeleza watu wake lililoamuliwa na linalowapasa. Taarifa hiyo hubandikwa sokoni, husomwa msikitini na kanisani, hutangazwa kwa kipaza sauti juu ya gari, au hutumwa kwa simu. Umri wake ni mfupi. Wiki mbili hazipiti ila imechanika au imesahauliwa. Hata hivyo, katika siku zake chache watu huishika na kuifuata kuliko wanavyokifuata kitabu chochote tunachokifundisha darasani.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza taarifa ya aina hii kama ilivyojitokeza nchini Kenya katikati ya mwaka 2020, nchi ilipoanza kufunguliwa baada ya vizuizi vya ugonjwa wa Korona. Hatutamhukumu kiongozi yeyote wala kunukuu taarifa ya mtu. Sentensi za mfano tumezitunga wenyewe kwa kufuata miundo iliyozoeleka. Hoja yetu ni moja. Tunadai kwamba wakati wa kufungua, sarufi ya taarifa hizi ilihamisha wajibu kutoka bega moja hadi jingine. Matendo ya wenye mamlaka yalielezwa kwa kauli zisizomtaja mtendaji, ilhali matendo ya mwananchi yalielezwa kwa amri ambayo haina mtendaji mwingine ila yeye.

Kwanza yafaa tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi. Mwezi wa Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale, na baadaye Mandera. Tarehe 6 Mei mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa ilifungwa peke yake, ikakaa hivyo kwa mwezi mmoja. Tarehe 6 Julai Rais alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya safari za Nairobi, Mombasa na Mandera kuanzia saa 10 alfajiri ya siku iliyofuata. Ndege za ndani zingerudi angani tarehe 15 Julai na za nje tarehe 1 Agosti. Nyumba za ibada ziliruhusiwa kuwa na watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja, bila ya walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Amri ya usiku ilibaki pale pale, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri. Haya ndiyo yaliyompasa kiongozi wa mtaani kuyachukua, kuyapunguza na kuyafikisha kwa watu wake.

Taarifa ya namna hii imezaliwa na wazazi watatu. Wa kwanza ni mbiu ya mji. Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, nao waliposikia pembe walijua kuna neno, na neno hilo lina mwenyewe. Mpiga mbiu hakuwa na lake. Alilibeba la aliyemtuma. Wa pili ni baraza la chifu, tulilolirithi kutoka enzi ya mkoloni, ambapo watu huketi chini na kuelezwa amri iliyokwisha kukatwa kwingine. Wa tatu ni hotuba ya kampeni, ambayo msemaji wake hutaja jina lake katika kila jema na kulificha katika kila zito. Tukiisoma taarifa ya mwaka 2020 kwa makini tutaona kwamba imerithi sauti kali ya baraza na majisifu ya kampeni, lakini imepoteza kilichokuwa kiini cha mbiu, yaani kumtaja aliyetuma.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Mzizi *fung-* ni miongoni mwa mizizi yenye utajiri mkubwa katika lugha yetu. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga Ramadhani. Anayefunga Ramadhani *amefunga*, kwa kauli ya kutenda, kwa kuwa nia ni yake. Aliye gerezani *amefungwa*, kwa kauli ya kutendwa, kwa kuwa nia ni ya mwingine. Mwaka 2020 maana hizi mbili zilikutana katika Mji wa Kale, kwa sababu siku za mwanzo za kufungwa kwa mtaa zilikuwa pia siku za mfungo. Mkazi wa hapo alikuwa amefunga na amefungwa kwa wakati mmoja, na hakuhitaji mwalimu wa sarufi kumweleza tofauti.

Katika kufungua, kauli hizi huzaa sentensi tatu ambazo kwa msomaji wa haraka ni mamoja. Mtu aweza kusema "Serikali imefungua soko", au "Soko limefunguliwa", au "Soko limefunguka". Katika sentensi ya kwanza mtendaji yuko mbele, na anayetaka kumuuliza ajua aendako. Katika ya pili mtendaji yupo, ila amesimama nyuma ya pazia. Twajua kuna mkono uliofungua, lakini hatuambiwi ni wa nani. Katika ya tatu, ambayo ni kauli ya kutendeka, hata mkono haupo. Soko limefunguka kama ua linavyochanua. Hiyo ndiyo sentensi iliyowafaa sana wanasiasa, kwa sababu humwezesha msemaji kushiriki furaha ya kufunguliwa bila ya kuubeba mzigo wa uamuzi.

Sasa tulinganishe na kitenzi kingine cha wakati ule. Marufuku ya safari katika Kiingereza cha serikali ilipewa jina la kitenzi lisilo na mtendaji, nalo lilipofasiriwa moja kwa moja lilitupa "kukoma kwa safari", kana kwamba safari zenyewe zilichoka zikaketi. Kwa upande mwingine, mabango ya kampeni ya afya yaliandikwa "Komesha Corona". Mzizi ni ule ule, *kom-*, lakini tazama kauli zilivyogawanywa. Jambo lililofanywa na wenye mamlaka limepewa *koma*, ambalo hutokea lenyewe. Jambo linalotakiwa kwa mwananchi limepewa *komesha*, kauli ya kutendesha, tena katika amri ya umoja: wewe, mmoja, simamisha maradhi. Hatusemi kwamba kuna aliyeketi akayapanga haya kwa hila. Lugha ina mazoea yake, na mazoea ya kutawala huingia katika lugha bila ya kubisha hodi.

Kugawanywa huku kunaonekana pia katika viambishi vya nafsi. Katika miezi ya kufunga, nafsi iliyotawala ilikuwa *tu-*: tukae nyumbani, tuvumilie, tutashinda. *Tu-* hiyo ilimjumuisha msemaji na msemwa, na kwa kiasi fulani iliwafariji watu. Kufungua kulipokuja, *tu-* ilibaki katika shangwe tu, kama vile "tumefungua milango yetu". Masharti yalipofikiwa, nafsi ikageuka kuwa *m-*: mvae barakoa, mnawe mikono, mkae umbali wa mita moja na nusu, msije mkatulaumu. Neno hilo la mwisho ndilo ufunguo wa taarifa nzima, hata pale ambapo halikuandikwa. Kabla ya maradhi kuzidi, mwenye kulaumiwa alikuwa amekwisha kupatikana.

Je, haya ni ya sarufi tu? La hasha. Chini ya Katiba ya 2010, kazi za serikali zimegawanywa baina ya taifa na kaunti 47. Vituo vya afya na masoko viko mikononi mwa kaunti. Amri ya kutotoka nje usiku, polisi na mipaka ya nchi viko mikononi mwa serikali ya taifa. Mchuuzi aliyerudi sokoni mwezi wa Julai akakuta mfereji hauna maji ya kunawia alihitaji kujua mlango wa kubisha. Akiambiwa kwamba "soko limefunguka na maji yatawekwa", hajaambiwa lolote la kumsaidia. Kadhalika, kaunti zilikuwa zimetakiwa kuandaa vitanda visivyopungua 300 kila moja vya kuwatenga wagonjwa. Sentensi "Vitanda vinaandaliwa" haimwelezi mgonjwa kama vipo vitanda 10 au 300, wala nani aulizwe visipokuwapo. Na kwa mujibu wa sheria, mwakilishi wadi amepewa kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti yake na kuiuliza maswali. Kila anapotumia kauli isiyomtaja mtendaji, huificha serikali hiyo hiyo aliyetumwa kuiangalia.

Matokeo hayakukawia. Siku ya tangazo, waliopatikana na ugonjwa nchini walikuwa kama 8,000. Kufikia tarehe 27 Julai hesabu ilikaribia 18,000. Siku hiyo mikahawa ilipigwa marufuku kuuza vileo kwa siku 30, na utovu wa nidhamu wa wananchi ukawa ndio mada. Ni kweli kwamba wako waliojaa katika vilabu bila ya kujali. Lakini msomaji wa taarifa zile alikuwa ameandaliwa aone sababu moja tu, kwa kuwa katika maandishi aliyoyasoma ni mtu mmoja tu aliyetenda: yeye mwenyewe.

Wako watakaotujibu kwamba kauli ya kutendwa ni adabu ya Kiswahili, na kwamba tunawataka viongozi waseme kama askari. Hoja hii ina uzito. Chukua sharti la umri katika nyumba za ibada. Hakuna mtu aliyelelewa vyema awezaye kumtazama mzee wa miaka 70, aliyeswali safu ya mbele tangu ujana wake, akamwambia "Usije msikitini". Atasema, "Wazee wetu mnaombwa mtuwie radhi, mswali nyumbani kwa muda huu." Hapo kutendwa kumetumika kwa haki, na sisi hatulipingi hata kidogo. Lakini tutofautishe mambo mawili. Adabu hupunguza ukali wa amri. Haimfichi mwenye amri. Mjumbe wa posa huzungumza kwa mafumbo na unyenyekevu mwingi, na bado neno lake la mwanzo ni kueleza ametumwa na nani. Kauli ya kutendwa yenyewe inayo nafasi ya mtendaji, nayo hujazwa kwa kiunganishi *na*: "limefunguliwa na kaunti", "mnaombwa na maimamu". Anayeiacha nafasi hiyo wazi hawezi kusingizia heshima.

Hoja ya pili itakayotolewa ni kwamba lawama ni ya tafsiri. Matangazo ya kisheria ya wakati ule yaliandikwa kwa Kiingereza, na mtu wa mtaani alipewa makombo yake. Jambo hili ni kweli, na ni aibu katika nchi ambayo katiba yake inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, tafsiri haiwezi kubeba lawama yote. Kiingereza cha amri za serikali kina majina mengi ya vitenzi yasiyo na watendaji, lakini Kiswahili kinampa mfasiri nafasi ya kurekebisha, kwa sababu kitenzi chetu karibu kila mara hudai kiambishi cha nafsi. Mfasiri anapoandika "kukoma kwa safari" badala ya "serikali imekataza safari", amechagua. Lugha ilimpa mlango naye akapitia dirishani.

Tumalize kwa kuonyesha kwamba jambo tunalolitaka lawezekana. Taarifa njema ingeweza kusomeka hivi: "Rais ameondoa marufuku ya safari kuanzia Jumanne, tarehe 7 Julai, saa 10 alfajiri. Soko letu liko chini ya kaunti, na kaunti imeliruhusu lifunguliwe. Maji ya kunawia bado hayajawekwa. Nimewauliza wahusika katika bunge la kaunti na sijajibiwa, nikijibiwa nitawaarifu. Mpaka hapo nawaomba kila mmoja aje na maji yake na barakoa yake." Hakuna ufundi mkubwa katika maneno haya. Kila kitenzi kina mwenyewe. Mwananchi ana wajibu wake, lakini si yeye peke yake mwenye wajibu.

Msomaji atakuwa ameona kwamba katika mfano huo imeingia nafsi ambayo hatukuitaja hapo juu, nayo ni *ni-*. Wanasiasa wetu waijua vyema: nimeleta barabara, nimejenga shule. Walipofika kwenye maradhi, *ni-* ikatoweka. Kwa maoni yetu, mwalimu wa Kiswahili anayewafundisha wanafunzi kauli za vitenzi kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika na milango iliyofunguka anaweza, bila ya kutoka nje ya silabasi, kuwapa taarifa kama hizi na kuwataka wamtafute mtendaji. Wakimkosa, waulize yuko wapi. Wengi wao watakuwa wapiga kura, na baadhi yao watakuwa waandishi wa taarifa hizo hizo.